Fundo la Waya Nyekundu kwenye Nyanya ya Kwanza

Ninyi mnaobaki kitaluni mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, kabla sijarudisha funguo. Nitaandika. Vyeo sitavitaja, na mshahara sitautaja, kwanza kwa sababu hamtajifunza chochote humo, pili kwa sababu kuna miaka ambayo mshahara wenyewe haukuwapo wa kutajwa. Cheo kimoja tu nitalazimika kukitaja, na nikikifikia mtaelewa kwa nini nimekichelewesha. Nitaandika zaidi juu ya nyanya ile inayoiva kabla ya mvua kubwa, ambayo mbegu zake kila Julai mnawagawia wamama wa mitaa ya Musonoi na Manika, kiasi kinachokaa kati ya vidole viwili. Mnaiita nyanya ya Mama Ngoie. Si yangu. Niliichukua kwa mwenyewe kwa njia mbaya, na sitaki kuondoka bila kusema.

Nilianza kazi nikiwa msichana mwenye cheti cha shule ya kilimo na viatu vyeupe. Kampuni ya mgodi wakati ule ilikuwa na nyumba ya mafunzo katika siti ya Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wake, ambako wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kupima watoto, na kulima bustani nyuma ya nyumba. Mimi nilitumwa upande wa bustani. Mkuu wa kitalu alikuwa Tata Badibanga, yaani Baba Badibanga, mtu wa asili ya Kasai, jimbo jirani, ambaye baba yake aliletwa na treni kuchimba shaba kabla hata yeye hajazaliwa. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya soli, ile ngumu ya kukinga jua, ambayo hakuivua hata mbele ya wakubwa, na alisoma cheti changu kwa utulivu, mbele na nyuma, ingawa nyuma hakukuwa na kitu.

"Karatasi yako ni ya muzuri," aliniambia. "Sasa iweke ku kando, ukamate chekecheke. Bulongo haijue kusoma."

Siku nzima nilichekecha udongo wa kichuguu. Yeye aliuchanganya na samadi ya mbuzi iliyokaa mwaka mzima, akaumwaga juu ya bati, akawasha moto chini yake mpaka mvuke ukatoka na funza wakafa. Kisha akaujaza kwenye makopo ya sardini yaliyotobolewa matundu kwa msumari. Jioni viatu vyangu vilikuwa na rangi ya barabara. Sikuvivaa tena kazini.

Mambo mengine ninyi mnayajua, lakini nayarudia kwa sababu naona baadhi yenu mmeanza kuyaruka. Mbegu huingia ardhini kina cha ukucha, si zaidi. Nyasi kavu zifunike makopo mpaka chipukizi la kwanza lichomoze, kisha ziondolewe siku hiyohiyo, la sivyo mche unarefuka bila nguvu. Julai yetu ni baridi. Makopo yalale ndani karibu na jiko, asubuhi yatoke juani. Wiki ya tano unahamisha, wakati jua limelegea, na unazika shina mpaka karibu na majani ya kwanza ili liote mizizi pembeni. Maji humwagwa chini, kwenye mizizi, kamwe si juu ya majani. Machipukizi yanayoota kwapani mwa matawi yavunjwe yakiwa madogo. Tata Badibanga aliyavunja akipita, bila kusimama, huku akizungumza habari nyingine kabisa.

Haraka hii yote ilikuwa na sababu. Huku kwetu, mvua ikishashika kweli, nyanya hupata madoa meusi, na kwa siku chache shamba zima linaoza likiwa limesimama. Nyanya nyingi huiva Desemba, yaani zinaiva zikiwa zimekufa. Ile ya Tata Badibanga ilianza kuwa nyekundu katikati ya Oktoba, mwezi ambao nyumba nyingi hazina mboga ila majani ya mihogo, na kufikia mvua kubwa ilikuwa imekwisha kuliwa. Aliipata kwa kuchagua, mwaka baada ya mwaka, tangu ujana wake. Hakuna mzungu aliyempa. Nililisema hilo mbele ya wageni wa kampuni, wakanitazama kana kwamba nimetukana.

Jinsi ya kuchagua ilikuwa hivi. Wachimbaji walirudi nyumbani na vipande vya waya za kulipulia baruti, zile nyembamba zenye rangi, ambazo wake zao walifumia vikapu. Tata Badibanga alichukua zile nyekundu. Kila mama aliyepewa mbegu Julai alipewa pia kipande cha waya. Nyanya ya kwanza kabisa kubadilika rangi katika bustani yake aliifunga waya kwenye kikonyo, na tangu hapo haikuwa chakula. Hata mgeni aje, hata mkwe aje, haikuchumwa. Ikikomaa kabisa ililetwa kitaluni, mbegu zikakamuliwa katika kikombe, zikakaa siku tatu mpaka utando mweupe ukajitokeza juu, zikaoshwa. Zilizozama zilikaushwa kivulini kwenye sahani. Zilizoelea zilimwagwa.

Kesi ngumu ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya Mama Kasongo, mke wa fundi wa mashine, mwanamke mwenye mkono mzuri wa kulima kuliko sisi sote. Kila mwaka alituletea nyanya kubwa iliyojaa kiganja, imefungwa waya vizuri. Na kila mwaka bustani yake ilizidi kuchelewa, mpaka mwaka mmoja yote ikaoza. Nilimchunguzia udongo, maji, samadi. Sikuona kosa. Tata Badibanga alikwenda mara moja, akatazama, akakaa kwenye kiti.

"Mama, ile tomati ulifunga, njo ilikuwa ya kwanza?"

"Hapana, Tata. Ya kwanza ilikuwa kadogo, ya kupinda-pinda. Nitakuletea vile? Batasema sina heshima. Mi nilikuchagulia ile ya mukubwa."

"Heshima tunaipika na mafuta, tunaikula," alisema. "Mbegu ni kintu ingine. Uniletee ile ya kupinda."

Tulipozunguka nyumba nyingine tukagundua nusu ya wamama walifanya hivyohivyo. Kwetu, ukimpelekea mkubwa wako kitu, unachagua kinachopendeza. Hakuna anayebeba kisichopendeza kwenda kwa shefu. Tulipoteza miaka miwili kuirudisha mbegu mahali pake, na tangu hapo Tata Badibanga akaweka chupa mbili za dawa kwenye rafu ya nyumba yake. Moja ilikuwa na mbegu za zile nyanya kubwa za kuchelewa, ambazo alipanda chache chini ya kibaraza zisinyeshewe, za kula sikukuu. Nyingine ilikuwa ya zile za mapema, na hiyo ilifungwa waya nyekundu shingoni. Mbegu za nyanya zinafanana zote. Jicho haliwezi kuzitenganisha. Waya tu ndiyo iliyosema ipi ni ipi.

Niseme pia juu ya fundo, maana alinitania nalo miaka yote. Yeye alifunga fundo moja, jepesi, ili kikonyo kipate kunenepa. Mimi nilifunga mawili na kuyakaza, kwa kuogopa waya itaanguka.

"Ngoie, uko unafunga mbuzi?" alikuwa akiniuliza. "Tomati haikimbiake."

Niliahidi kubadilika, nikaendelea na mawili yangu. Mikono ina ukaidi wake.

Halafu mambo yakaharibika. Nitayasema kwa ufupi kwa sababu ninyi wengine wazazi wenu waliyaona. Mgodi uliporomoka, mashine zikasimama moja baada ya nyingine, kantini ikafungwa, bomba la kitalu likakauka, na matoroli yakapotea moja moja mpaka likabaki moja lisilo na gurudumu. Mume wangu, dereva wa malori ya mgodini, alikwenda kazini kila asubuhi kukaa kwenye kivuli cha lori lisilowaka. Bustani za nyuma ya nyumba, ambazo wakubwa waliziita burudani ya wamama, zikawa chakula.

Kisha yakaanza maneno juu ya watu wa Kasai. Kwamba wamekula vya kutosha, kwamba warudi kwao. Watu waliozaliwa hapa, ambao hiyo "kwao" hawakuwahi kuiona. Yalianzia kwenye mikutano, yakafika sokoni, yakafika malangoni. Vijana waliingia nyua za watu na kuwapa muda wa kufunga mizigo. Mvua zilikuwa zinaisha walipofika kwa Tata Badibanga. Sikuwapo, niliambiwa. Nilikuwa nyumbani kwangu, mlango umefungwa, na nilijua kabisa siku hiyo ni zamu ya mtaa wao. Mimi ni mtu wa kaskazini ya Katanga, jimbo hilihili, hakuna aliyenigusa. Ningeweza kwenda kusimama langoni kwake. Sikwenda.

Yeye, mkewe na binti yao Mbombo, aliyekuwa akisomea uuguzi, walikwenda stesheni pamoja na wengine wote, kungojea treni ambazo hazikuja. Walikaa pale miezi, chini ya maturubai, kwenye vyumba vya ghala, kwenye mabehewa mabovu. Watoto walikufa kwa surua na kuhara. Nawaambia jinsi ilivyokuwa, msije mkasema hamkuambiwa.

Hapa ndipo kinapoingia kile cheo. Wiki tatu baada ya kuondoka kwake, mtu wa biro, yaani ofisi ya kampuni, aliniita akaniambia mimi sasa ndiye mkuu wa kitalu, na kwamba nyumba ya mkuu wa kitalu iko wazi, nihamie. Akaongeza kwamba kitalu kitafungwa kama Oktoba hakitaonyesha kitu chekundu, maana kampuni haina nafasi ya watu wa kumwagilia mchanga. Nikasema ndiyo. Tulihamia. Watoto wangu walifurahi kwa sababu kulikuwa na kibaraza. Kofia yake ya soli ilikuwa bado imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kwenye rafu chupa mbili zilikuwa zimesimama pale alipoziacha.

Mwezi wa sita mama mmoja wa kanisani, aliyekuwa akipeleka uji stesheni, aliniletea ujumbe. Tata Badibanga ananisalimu. Ananiomba nimletee ile chupa ya waya. Nilimjibu kwamba nitaipeleka kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa tatu. Nilijiambia ninaogopa kuonekana nikienda kule, na kweli niliogopa. Lakini hofu yangu kubwa ilikuwa nyingine. Mbegu za mapema mwaka ule zilikuwa kidogo, hazikufika hata robo ya chupa, na Julai ilikuwa inagonga mlango. Bila hizo sina Oktoba, bila Oktoba sina kitalu, na wamama nao hawana mboga. Niliwataja sana wamama moyoni mwangu siku zile. Ningeweza kugawa chupa ile mara mbili. Hesabu hiyo hata mtoto anaiweza. Lakini niliona nikigawa, kila mmoja atapata kidogo cha kufia njiani, na mimi nilitaka yangu iwe na uhakika.

Kwa hiyo nilifungua waya nyekundu kwenye chupa ya mapema, nikaifunga kwenye shingo ya ile nyingine, nikaiweka kwenye kikapu chini ya unga, nikaenda stesheni mchana kweupe.

Nilimkuta ukutani kwa ghala, amekaa juu ya sanduku. Alikuwa amekonda na hana kofia. Kichwa chake sikuwahi kukiona kabla ya siku hiyo, kilikuwa na upara. Pembeni yake, kwenye mstari ulionyooka, kulikuwa na makopo ya sardini kumi na mawili yaliyotobolewa kwa msumari, yamejaa udongo uliochekechwa vizuri. Sijui aliuchekecha kwa kitu gani. Alikuwa tayari anangojea mbegu tu. Mbombo alikuwa amesimama nyuma yake, na nilipouliza mama yuko wapi, ndiye aliyenijibu.

"Tulimuzika," alisema. "Ni wiki mbili."

Nilitoa unga, nikatoa chupa. Tata Badibanga aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu, akaipitishia kidole shingoni.

"Nani anaikala mu nyumba?" aliniuliza.

"Ni shiye, Tata, mi na bwana na batoto."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama zamani nilipokuwa nikimpa taarifa za kazi.

"Ni muzuri. Kibaraza inavujaka ku upande ya jiko, mwambie bwana wako aiangalie." Kisha akasema, "Aksanti, Ngoie. Usisahau, mayi ni ku mizizi, haina ku majani."

Mbombo hakuniaga. Treni yao iliondoka siku chache baadaye. Sikwenda kuitazama.

Mwaka ule Oktoba ilikuja nyekundu. Watu wa biro walipita na kupiga picha, na kitalu hakikufungwa. Wamama wa Musonoi walikula nyanya, hilo ni kweli na sitalifuta. Tangu siku ya stesheni nimefunga fundo moja tu, kila mwaka, na mikono yangu haikukosea tena. Mume wangu alitengeneza kibaraza. Kila mvua ya kwanza nilihesabu: sasa Kasai nako wamejua. Sasa wamengojea Oktoba yao na haikuja. Nilijua mtu yule angepanda popote watakaposhushwa, na kwamba angezipalilia na kuzimwagilia hizo zangu za uongo kama watoto wake. Nililia kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja, nikiwa nachekecha udongo, na waliokuwa nami walidhani ni vumbi.

Kampuni iligawanyika, ikauzwa vipande, ikabadilisha majina kwenye mageti. Watoto wa wale wachimbaji sasa wanachimba chini ya vyumba vyao wenyewe kutafuta madini, na bustani nyingi nilizofundisha zimekuwa mashimo. Ninyi mmezihamishia kwenye magunia na ndoo zilizotoboka, na mmefanya vizuri. Mama Kasongo alifariki akiwa na nyanya zake za kupinda mezani. Nilizeeka.

Mwezi uliopita, nikiwa naandaa makabidhiano haya, mwanamke alisimama langoni. Alikuwa na mvi, na saa ya muuguzi imebanwa kifuani. Niliita, "Ingia, mama," na alipovuka lango alitazama kwanza paa la kibaraza upande wa jiko. Hapo nilimjua.

Mbombo hakutaka kiti. Alifungua leso, akaweka mezani kipande cha waya nyekundu iliyopauka. Mafundo mawili, yamekazwa. Mikono yangu niliitambua kabla ya waya.

"Baba alijua siku ileile," alisema. "Ulipotoka tu, aliniambia: hii haina fundo yangu. Ngoie alifungua, akafunga ku ingine."

"Na alinishukuru," nilisema.

"Alikushukuru. Mi nilitaka nikukimbilie, nikupasulie ile chupa ku kichwa. Alinikamata mukono. Alisema: shiye hatujue kama tutafika. Ile ya kweli iko ku muntu mwenye anajua kuilinda, iache."

Nilimuuliza kama baba yake alizipanda. Alizipanda. Alifika hai, akapewa kipande cha ardhi kando ya njia, akapanda zile kubwa za kuchelewa miaka minne mpaka alipokufa. Kila mwaka zilioza. Kila mwaka alitafuta ile iliyotangulia nyingine hata kwa siku moja, akaifunga. Hakuwa na muda wa kutosha.

Nilimwambia nilivyofanya, mwanzo hadi mwisho, pamoja na yale ya biro na ya cheo, bila kuwataja wamama. Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Baba alisamehe," alisema. "Mi, hapana. Na sikukuya juu ya nyumba. Nimekuya juu ya mbegu ya baba. Na utaandika. Bale benye banaipanda bajue ni ya nani."

Nilikwenda kwenye rafu. Nilileta chupa yote ya mwaka huu, na waya mpya, nikaanza kuifunga shingoni. Aliichukua kutoka mikononi mwangu. Akafunga mwenyewe, fundo moja, jepesi, akalijaribu kwa kidole, kisha akaifunika chupa kwa leso na kuitia mkobani. Kutoka nyuma ya mlango nilimpa na ile kofia, ambayo kwa miaka yote hiyo hakuna mtu nyumbani mwangu aliyewahi kuivaa. Aliikung'uta vumbi langoni, akaenda.

Kwa hiyo Julai hii mtapanda zile za akiba zilizobaki kitaluni, mlizorudishiwa na wamama mwaka jana, zinatosha. Mkiwagawia, waambieni ni nyanya ya Tata Badibanga, aliyekuwa mkuu wa kitalu hiki. Ile ya kwanza kubadilika rangi ifungwe fundo moja, hata kama ni ndogo, hata kama imepinda. Funguo ziko kwenye msumari nyuma ya mlango. Ile waya ya zamani Mbombo aliiacha mezani kwangu. Mafundo yake mawili bado yamekaza, na sijayafungua.